Kuongeza kadi kwenye PABX ya Panasonic TES824: hatua kwa hatua, pamoja na mitego yake

Ukizunguka ofisi za Dar, Arusha au Mwanza bado utaikuta ile mashine ya Panasonic KX-TES824 (PABX, yaani mashine inayogawa simu za ofisi) imefungwa ukutani nyuma ya mapokezi, imejaa vumbi juu lakini inapiga kazi kila siku. Hoteli ndogo, shule, zahanati, ofisi za mawakili, wote hao. Sasa inafika siku bosi anasema tumeongeza vyumba nane, au tumeajiri watu sita, kila mmoja anataka simu mezani, na mashine haina tena pa kuchomeka. Hapo ndipo habari ya kadi, ile bodi ndogo ya kuongeza matundu ya simu, inapoanza, na hapo ndipo watu wengi wanapotupa hela kwa sababu wanakimbilia dukani kabla ya kuhesabu.

Kuchomeka kadi yenyewe ni kazi ya dakika kumi na tano. Kinachokula muda na hela ni kuchagua kadi sahihi, kuweka ethi (waya wa kwenda ardhini), na kuelewa kwamba mashine hii inahesabu namba kwa nafasi ya kadi na wala haijali umeongeza nini kwanza. Nimeona mafundi wazuri kabisa wanakaa masaa matatu wanatafuta ekstensheni (simu ya ndani) 109 ambayo haipo. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza jua mashine yako ina nini

TES824 ikitoka kiwandani ina laini za nje 3 na ekstensheni 8, na mwisho wake ni laini 8 na ekstensheni 24. Kuna ndugu yake anaitwa KX-TEM824, huyo anaanza na laini 6 na ekstensheni 16, mwisho wake ni uleule 8 na 24. Kwa nje zinafanana sana kwa hiyo usibahatishe, soma kibandiko. Ukinunua ile kadi ya sehemu ya kati (82483, iko hapa chini) ukaenda kuikuta TEM ukutani utarudi nayo nyumbani, maana TEM sehemu ya kati imeshajaa tangu kiwandani, kilichobaki ni nafasi ya mwisho tu.

Kadi za kuongeza porti (matundu ya kuchomeka simu na laini) ziko tatu, na tofauti zake uzishike kichwani kabisa:

KX-TE82483 ina laini za nje 3 na ekstensheni 8, na hizo ekstensheni 8 ni haibridi, maana yake zinakubali simu ya kawaida ya mezani na pia zinakubali ile simu ya Panasonic yenyewe yenye vitufe vingi na skrini kama KX-T7730, ambayo hapa nitaiita simu ya sekretari.

KX-TE82480 ina laini za nje 2 na ekstensheni 8, lakini ekstensheni zake ni za simu ya kawaida tu.

KX-TE82474 haina laini ya nje hata moja, ni ekstensheni 8 za simu ya kawaida.

Mashine inabeba 82483 moja, na juu yake ama 82480 ama 82474, huwezi kuweka zote tatu. Ndo maana hesabu inafika vizuri: laini 3 za mwanzo na 3 na 2 zinakuwa 8, ekstensheni 8 na 8 na 8 zinakuwa 24.

Sasa kaa chini na karatasi. Andika laini za nje ngapi unazihitaji kweli (sio unazozitamani), simu ngapi za kawaida, simu ngapi za sekretari. Kama ni hoteli ya vyumba 8 zaidi na laini za nje zinatosha, 82474 inakumaliza na ndiyo rahisi kuliko zote. Kama unataka simu za sekretari zaidi ya nane hapo huna ujanja, lazima 82483. Kama unataka laini mbili tu za ziada na vyumba vichache, 82480. Mimi binafsi ukiniuliza bila kunipa maelezo yoyote nitakwambia chukua 82483, kwa sababu porti haibridi haikufungi, kesho meneja akitaka simu yenye skrini unaibadilisha pale pale bila kugusa mashine.

Kuna jengo moja niliitwa, fundi aliyetangulia ameweka 82474 halafu amechomeka KX-T7730 mbili kwenye ile kadi, zimekaa kimya, skrini nyeusi. Ameshawaambia kadi ni mbovu wameshanunua nyingine, nayo simu zimekaa kimya vilevile. Kadi zote mbili zilikuwa nzima. Nilizihamishia simu zile mbili kwenye porti za mwanzo, zile za kawaida nikazileta kwenye kadi, ikawa imeisha. Wale watu walilipia kadi ya pili bure kabisa na iliniuma, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa kwenye boksi.

Mtego mkubwa: namba zinakwenda kwa nafasi

Hapa soma taratibu. Ndani ya TES824 porti za mwanzo za ekstensheni ni jeki 01 mpaka 08 na laini 1 mpaka 3. Nafasi ya 82483 ni jeki 09 mpaka 16 na laini 4 mpaka 6. Nafasi ya 82480 au 82474 ni jeki 17 mpaka 24, na kwa 82480 laini zake ni 7 na 8.

Kwa hiyo ukiweka 82480 peke yake bila 82483, mashine yako sasa ina laini 1, 2, 3, 7 na 8. Hakuna laini 4. Na ekstensheni ni 101 mpaka 108 halafu zinaruka mpaka 117 hadi 124. Zile za katikati, 109 mpaka 116, ni nafasi tupu inayosubiri kadi ambayo hujanunua. Ukiingia kwenye programu ukaanza kupanga laini 4 unapanga hewa, mashine itakubali kila unachoandika na simu haitalia hata siku moja.

Kama wenye ofisi wanataka namba zifuatane, namba za ekstensheni zinabadilishika kwenye programu, sio shida, jeki ya 17 unaweza kuiita 109. Ila kwenye karatasi yako ya fundi andika namba ya jeki pembeni ya namba ya ekstensheni, zote mbili, kila mara.

Kununua

Panasonic wenyewe walishatangaza kuachana na biashara ya PABX, kwa hiyo kadi nyingi zinazozunguka sasa hivi ni stoku ya zamani au zimetolewa kwenye mashine nyingine. Used sio tatizo, nimeweka nyingi na zinafanya kazi mpaka leo, ila ikague ukiwa umeishika mkononi kabla hujatoa hela. Igeuze uangalie upande wa chini wenye solda, tafuta weusi au ukahawia kuzunguka porti, hasa pale jeki za laini za nje zinapoungana na bodi, maana radi inaingilia hapo. Inuse. Sitanii, kadi iliyopigwa radi ina harufu ya plastiki iliyoungua ambayo haitoki hata baada ya miezi. Halafu angalia konekta, pini zote zimenyooka? Ukiwasha tochi ya simu kwa ubavu pini iliyopinda inaonekana kwa kivuli chake haraka kuliko kuitazama kwa juu.

Na ulizia skrubu na spesa zake. Zile nguzo ndogo zinazoshikilia kadi isigusane na bodi ya chini, kadi used mara nyingi inakuja bila hizo na muuzaji anakwambia utajua mwenyewe. Usikubali. Kadi isiyokaa kwenye nguzo zake inalegea kila mtu akichomoa waya.

Mwisho wa kununua, jaribu kurudishiana kwa maandishi, hata kwenye risiti tu waandike kadi ikikataa inarudishwa ndani ya siku kadhaa.

Kabla hujafungua mfuniko

Chukua bekapu. Mashine ina porti ya USB na ya RS-232C, ukiwa na ile softiwea ya KX-TE Maintenance Console kwenye laptopu unavuta mipangilio yote na kuihifadhi kwenye faili. Kama huna softiwea, basi tumia simu ya sekretari na daftari, pitia mipangilio muhimu uiandike kwa mkono. Inachosha lakini kuna siku itakuokoa.

Piga picha kila waya ulipochomekwa. Halafu weka lebo, masking tepu na kalamu ya wino mzito, andika kwenye kila waya namba ya jeki yake. Picha peke yake haitoshi kwa sababu waya nane za kijivu zinazofanana kwenye picha ni fumbo.

Pima laini za nje kwa mita kabla hujagusa kitu. Laini ya shaba ya TTCL ikiwa imetulia bila mtu kuongea inasoma karibu volti 48 za DC. Ukipata sifuri au volti chache tatizo liko nje ya mashine na kadi mpya haitalitibu. Andika ulichopata. Na kumbuka ikilia wakati umeshika waya wazi utaruka, mlio unakuja na volti kama 75 mpaka 90 za AC.

Ethi

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo watu wanaporuka.

Mashine ina skrubu ya ethi. Nikifungua mashine kumi, nyingi kati ya hizo nakuta ile skrubu inang'aa kama imetoka kiwandani jana, haijawahi kuguswa na waya wowote. Kisingizio ni kwamba mashine inafanya kazi bila ethi, na ni kweli inafanya, mpaka masika yafike. Laini za nje zinatembea kwenye nguzo mtaa mzima, na mbaya zaidi ni ile ekstensheni ya kibanda cha mlinzi getini, waya umetoka jengoni umepita hewani juu ya mwembe mita arobaini mpaka getini. Huo ni antena ya radi. Radi haihitaji kupiga jengo lako, ikipiga jirani tu ule waya unabeba mshtuko mpaka ndani ya porti, na porti ikikosa njia ya kwenda ardhini inapitia kwenye bodi.

Nilipoteza kadi ya kwanza niliyowahi kufunga kwa njia hiyo hiyo. Ilikuwa nyumba ya wageni mjini Morogoro, kadi mpya kabisa, niliahidi kurudi wiki inayofuata kuweka ethi kwa sababu siku ile hatukuwa na fimbo ya shaba. Mvua ilinitangulia. Porti nne ziliungua na moja ya hizo ilikuwa ya mlinzi. Tangu siku ile siweki kadi kwanza ethi baadaye, ethi inatangulia au kazi inasubiri.

Tumia waya wa kijani na njano mnene, uende moja kwa moja kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini au kwenye ethi ya jengo kama umeipima na ni nzima. Usifunge kwenye bomba la maji, mabomba mengi siku hizi ni plastiki na hata yale ya chuma huko mbele yanaungwa na plastiki. Halafu weka kinga za radi kwenye laini zote za nje zinazoingia kwa waya wa shaba na kwenye kila ekstensheni inayotoka nje ya jengo, sio laini za nje pekee yake. Hiyo ya mlinzi usiisahau tafadhali.

Kuchomeka kadi

Zima mashine kwa swichi yake, halafu chomoa plagi kabisa ukutani, na kama kuna betri za akiba zimeunganishwa zichomoe nazo. Kadi za mashine hii haziwekwi umeme ukiwa unawaka. Kuna mafundi wanafanya hivyo kwa kuogopa kukata simu za ofisi, matokeo yake wanaua kadi na bodi kubwa kwa pamoja. Ongea na ofisi wakupe nusu saa ya mchana au njoo jioni.

Subiri dakika chache. Fungua skrubu za mfuniko, ziweke kwenye kikombe zisipotee, mfuniko uweke mbali.

Sasa shika chuma cha ethi kwa kiganja, sekunde chache tu, ndipo uguse kadi. Umeme tuli wa mwilini hauusikii lakini chipu zinausikia, na ofisi zenye kapeti na kiyoyozi ndizo mbaya zaidi. Kama unao ule mkanda wa mkononi wenye waya, vaa. Kadi ibaki kwenye mfuko wake wa kijivu unaong'aa mpaka dakika ya mwisho, ukiitoa ishike pembeni kwenye kingo, vidole visiguse pini wala solda.

Funga nguzo kwanza. Lenga konekta ya kadi juu ya konekta ya bodi, inama uangalie kwa ubavu kama zimekaa sawa pande zote mbili, halafu sukuma kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande wa konekta, kwa nguvu sawa na taratibu. Inaingia kwa mkwaruzo mdogo halafu inagota. Ukisikia inagoma upande mmoja usiongeze nguvu, iondoe yote anza upya, hapo ndipo pini zinapopinda. Ikishakaa funga skrubu zake kwa mkono, usizikaze kama bolti za gari.

Ukiwa bado mfuniko uko wazi fikiria pia vikadi vidogo. Kola ID kwenye mashine hii inakwenda na kadi za porti tatu tatu, kwa hiyo laini mpya za 4 mpaka 6 zinaweza kuhitaji kikadi chao wenyewe ndipo namba ya anayepiga ionekane, na watu wanalalamika mbona laini za zamani zinaonyesha namba hizi mpya hazionyeshi, sababu ni hiyo. Kuna KX-TE82491 ya kuongeza ujumbe wa DISA, ile sauti inayomwambia mpigaji abonyeze ekstensheni anayotaka, na KX-TE82492 ya kuhifadhi ujumbe wa sauti, na KX-TE82461 ya simu za mlangoni. Kama unajua utazihitaji mwaka huu ziweke leo, kufungua mashine mara moja ni bora kuliko mara tatu.

Nyaya

Simu ya kawaida inatumia waya mbili tu, zile mbili za katikati kwenye plagi ya RJ11. Simu ya sekretari inatumia nne, mbili za katikati za sauti na mbili za pembeni za data. Jengo lililovutwa waya jozi moja moja kwa kila chumba halitakupa simu ya sekretari mpaka uongeze jozi, hata kama porti ni haibridi. Hii ipime kabla ya kumuahidi meneja kitu.

Kwa simu zaidi ya nane usichomeke moja kwa moja kutoka vyumbani kwenda kwenye mashine. Weka boksi la Krone (la kuunganishia nyaya) ukutani karibu, upande mmoja nyaya zinazotoka vyumbani upande mwingine zinazotoka kwenye mashine, katikati jampa, vile vipande vya waya vya kuziunganisha. Piga nyaya kwa kifaa chake cha Krone chenye blade, sio kwa bisibisi, bisibisi inapanua zile meno na baada ya miezi miwili simu inaanza kukwaruza mtu anaona kadi ni mbovu. Kwa kebo ya jozi nyingi fuata mpangilio wa rangi: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, kila moja na mwenzake mweupe, na ukishamaliza tano hizo mwenza anakuwa mwekundu. Ukifuata huo mpangilio fundi atakayekuja miaka mitano mbele atakuombea dua.

Laini za nje kwa laini ya simu ya mkononi

Ofisi nyingi sasa hazina tena laini ya shaba, wana kile kiboksi chenye antena unachoweka laini ya mtandao wa simu za mkononi, FCT, kinatoa RJ11 na toni kama laini ya kawaida. Kinafanya kazi vizuri kwenye porti za laini za nje za kadi mpya, ila mambo matatu. Kiweke mbali na mashine, mita moja na nusu au mbili, kikikaa juu yake utasikia ule mngurumo wa tktktk kwenye simu zote. Waambie watu wakishapiga namba wabonyeze reli (#), maana kiboksi kinasubiri sekunde kadhaa kijue kama umemaliza na watu wanadhani simu imekufa. Na la tatu, angalia simu ikikatwa na aliye nje kama laini inaachiwa: piga kutoka simu yako ya mkononi, ofisi wapokee, wewe ukate, halafu tazama taa ya laini ile kwenye simu ya sekretari. Ikibaki inawaka dakika nzima basi mashine haijaambiwa kwamba simu imeisha, ingia kwenye mipangilio ya kiboksi uwashe ishara ya kukata na kwenye mashine uhakikishe utambuzi wa CPC (hiyo ishara ya kukata) wa laini hiyo umewashwa.

Kuwasha na kupanga

Kabla ya kurudisha umeme ondoa nyaya zote za kadi mpya, washa na kadi peke yake. Ikiwaka sawa na simu za zamani zinafanya kazi, ndipo uchomeke nyaya mpya moja baada ya nyingine. Ukichomeka zote kwa pamoja na kuna waya mmoja umeshikana huko chumbani hutajua ni upi.

Simu ya sekretari yenye skrini iwe kwenye jeki 01. Bonyeza PROGRAM, halafu nyota, reli, halafu pasiwedi, ya kiwandani ni 1234. Skrini itakuuliza namba ya programu. Vitufe vinabadilika kazi hapa: SP-PHONE inakuwa ya kwenda mbele, AUTO ANSWER ya kuchagua, AUTO DIAL ya kuhifadhi na HOLD ya kumaliza.

Anza na 400, hii inaiambia mashine laini ipi ina waya na ipi haina. Zile mpya ulizochomeka ziwe Connect, zile ambazo hazina kitu ziwe No Connect. Watu wanaisahau hii ya pili halafu mtu anabonyeza 9 apige nje anapewa laini tupu isiyo na toni, anasema mashine imeharibika tangu fundi alipokuja.

Halafu 405, ekstensheni zipi zinaruhusiwa kupiga nje kwa laini ipi mchana (406 ni usiku, 407 ni wakati wa chakula), na 408 mpaka 410 ni zipi zinalia simu ikiingia, kwa mpangilio huohuo wa mchana, usiku na chakula. Kwenye hoteli simu za vyumba zisilie za nje hata moja, hapa ndipo unapozizima, usipofanya hivyo saa nane usiku mgeni wa chumba cha 12 atapokea simu ya mtu anayeuliza bei ya chumba. Ukimaliza ingia 002 ubadilishe ile pasiwedi ya 1234. Tafadhali usiondoke bila kufanya hili, hasa kama kuna DISA, mtu wa nje akiipata mashine yenye 1234 anaweza kupiga simu za nje kwa gharama ya mwenye ofisi.

Kupima, na umeme ukikatika

Pima kila porti, zote nane, hata zile ambazo hazina mtu bado. Beba simu moja ya kawaida unayoiamini, ichomeke moja kwa moja kwenye jeki ya kadi, sikiliza toni, piga kwenda mapokezi, mapokezi wapige kurudi. Kusikia toni hakutoshi, nimekuta porti inayotoa toni safi lakini haina nguvu ya kulia. Laini mpya zipime kutoka simu ya sekretari kwa kubonyeza kitufe cha laini yenyewe, maana ukipiga 9 mashine inakuchagulia na hutajua umepata ipi.

Jeki ikikataa, ihamishie waya wake kwenye jeki ya jirani inayofanya kazi. Tatizo likihama na waya basi ni waya au simu. Tatizo likibaki palepale ni porti.

Jambo moja ambalo ofisi nyingi hawalijui na ukiwaonyesha wanafurahi: umeme ukikatika na hakuna betri, mashine inaunganisha laini 1 moja kwa moja na jeki 01, laini 4 na jeki 09, laini 7 na jeki 17. Ila inafanya kazi kwa simu ya kawaida tu, simu ya sekretari inazima. Kwa hiyo pale jeki 01 weka simu ya kawaida sambamba na ile ya sekretari, porti haibridi inaruhusu, na ile kadi mpya uliyoweka imekuongezea simu nyingine za dharura bila gharama. Zahanati hasa wasikose hii. Kumbuka tu kiboksi cha FCT nacho kinahitaji umeme, kama laini 1 yako ni ya kiboksi basi kiwe na betri yake au kiwe kwenye UPS, la sivyo toni haitakuwepo.

Zima mashine mbele ya mwenye ofisi, mpe simu aijaribu mwenyewe akisikia toni gizani. Kisha washa, chukua bekapu mpya, faili liandike tarehe, na ile karatasi ya jeki, ekstensheni, rangi ya waya na chumba itie kwenye mfuko wa plastiki uibandike ndani ya mlango wa boksi la Krone. Nakala moja piga picha ubaki nayo kwenye simu yako, maana wakikupigia baada ya miezi sita kwamba chumba cha 7 hakilii, utamwambia mtu wa mapokezi aangalie jozi ya kahawia ya pili.